Bunduki ndogo ya kuwindia kanga, kwale na sungura: chukua .22 ya kawaida, na ujue kazi yake inaishia wapi

#1 Mwanzisha uzi, Handeni

Wanajamvi, habari za jioni.

Swali hili haliishi humu: mtu ana leseni mkononi au yuko mbioni kuipata, anataka bunduki ndogo ya kuwindia kanga, kwale na sungura, anauliza achukue ipi. Majibu anayopewa yanamchanganya. Mmoja anamwambia .17, mwingine .22 magnamu, wa tatu anamtumia video ya mzungu aliyelala kifudifudi anapiga kopo lililo mita 200. Mimi naandika kwa ajili ya watu wa ukanda wetu huu, kuanzia Mkinga na Muheza, kushuka Pangani, mpaka Bagamoyo na Chalinze. Sisi tunawinda kwenye vichaka, kwenye mapori ya mkonge uliotelekezwa, pembezoni mwa mikorosho na mashamba ya watu. Ni nadra huku mtu kuona mita 200 wazi mbele yake, na akiziona, ujue katikati yupo mchungaji au mama anayeokota kuni.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa nyama ndogo chukua .22 LR (Long Rifle, ndiyo .22 ya kawaida) ya kukoki kwa mkono, yenye mtutu mzima, iweke shabaha kwenye mita 50, yaani irekebishe ipige pale pale unapolenga kwa umbali huo, na ukubali kwamba kazi yake inaishia hapo au mbele kidogo. Anayetaka kupiga mbali zaidi ajifunze kunyatia kabla hajafikiria bunduki kali zaidi.

Karatasi kwanza. Leseni ya kumiliki silaha unaipata polisi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni ya kuwinda ni kitu kingine kabisa, iko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na wanaoisimamia ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kuwa na ya kwanza hakukupi ya pili. Hata kanga ni nyara ya Serikali, asikudanganye mtu kwamba ndege hawana mwenyewe. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako, uliza msimu umefunguliwa lini, ndege na wanyama gani wanaruhusiwa, eneo gani, idadi gani. Watu wa Bagamoyo na Pangani, nyinyi mnapakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watu wa Same, Lushoto na Mkinga wana Mkomazi. Ujue mpaka uko wapi kabla hujabeba bunduki, maana ukishakamatwa ndani hakuna atakayekuuliza kama ulipotea njia.

Sasa bunduki.

Risasi ya .22 LR ni ya zamani sana, ilitokea Marekani mwaka 1887, na mpaka leo hakuna risasi inayopigwa kwa wingi kuishinda. Kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, kina kipenyo cha milimita 5.6 hivi, uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6. Zile za kawaida hutoka mtutuni kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Zile za kasi hufika kama mita 380. Haina fataki katikati ya kitako kama risasi kubwa. Dawa ya kuwashia imezungushiwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Ndiyo maana ganda likishapigwa halijazwi tena. Na ndiyo maana si vizuri kuvuta triga ya .22 ikiwa tupu: kwenye bunduki nyingi za zamani pini inakwenda kugonga mdomo wa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu linapokaa ganda, panatokea kibonyeo, baadaye maganda yanaanza kukwama.

Kwa nini naisimamia hii? Haipigi teke, kwa hiyo hata anayeanza hafumbi macho wakati wa kuvuta. Haina kelele ya kutisha kijiji kizima. Haiharibu nyama. Na kubwa kuliko yote, risasi zake ndizo zenye matumaini ya kupatikana. Bunduki isiyo na risasi ni mzigo tu wa kuulipia leseni. Kabla hujaahidi pesa kwa mtu yeyote, nenda kwa muuzaji wa risasi mwenye kibali, muulize ana nini rafuni leo na alikuwa na nini miezi iliyopita. Jibu lake litakusaidia kuliko ushauri wetu wote humu.

Ila .22 ina ukomo wake, na hapa ndipo watu wanapowatesa wanyama. Ukiiweka shabaha mita 50, ikifika mita 75 imeshashuka kama sentimita 5 au 6. Ikifika mita 100 imeshuka kati ya sentimita 15 na 20. Kanga mzima ana uzito wa kilo moja na robo, moja na nusu hivi. Toa manyoya na mabawa, sehemu ambayo ukiipiga anaanguka hapo hapo haizidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Kwa hiyo anayejaribu mita 100 hapigi kanga, anakisia. Risasi inaingia tumboni au inavunja paja, ndege anakimbilia kichakani, humpati, anakwenda kufa kesho au anakuwa chakula cha nguchiro. Mwindaji anayelala usingizi baada ya hapo mimi simwelewi.

Ongeza upepo. Kusi ikivuma ubavuni kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwetu ni upepo wa kawaida tu wa mchana, risasi ya .22 inasukumwa kama sentimita 3 kwenye mita 50, na zaidi ya 10 kwenye mita 100. Alfajiri upepo umelala. Kanga nao alfajiri ndipo wanaposhuka kutoka mitini kuja kuchakura. Basi hapo ndipo pa kuwa.

Na sasa jambo ambalo nikiulizwa nibakize moja tu katika uzi huu, nitabakiza hili. USIPIGE .22 JUU YA MTI. Kanga hulala mitini, jioni wanapanda kwenye mkwaju au mbuyu wanakaa kama wanakusubiri, na kishawishi ni kikubwa. Lakini risasi ya .22 ukiielekeza juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Itashuka wapi? Huku kwetu kilomita moja na nusu ni kitongoji kingine, ni shule, ni kisimani. Kuna watu wanaichukulia bunduki hii kama mchezo kwa sababu ni ndogo. Imeua watu wengi duniani. Kabla ya kuvuta triga, nyuma ya mnyama uwe unaona udongo: kichuguu, ukingo wa korongo, mteremko. Huoni udongo, shusha bunduki, subiri ndege asogee au nenda nyumbani.

Mawe na maji nayo ni hivyo hivyo. Kichwa cha .22 ni laini na mwendo wake ni mdogo, kikigonga jiwe au maji kwa pembe ya chini kinaruka na kwenda upande usioutarajia. Wanaozunguka mabwawani msimu wa bata, mmesikia.

Nitarudi kwenye aina za bunduki. Karibuni.

#2 Mdau, Kiwangwa (Bagamoyo)

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nalima mananasi huku Kiwangwa, leseni ya silaha ninayo ya shotigani. Nataka kuongeza ndogo. Kuna jamaa ana .17 HMR anasema inapiga mstari ulionyooka mpaka mita 150, huna haja ya kuhesabu inashuka kiasi gani. Kwa nini hujaitaja?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Kiwangwa, jamaa yako hakudanganyi. .17 HMR ilitolewa na Hornady mwaka 2002. Walichukua ganda la .22 magnamu wakalibana shingo, wakaweka kichwa kidogo cha greni 17, gramu 1.1 tu, kinachotoka kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde. Inakwenda imenyooka kweli.

Tatizo langu nayo ni chungu cha kupikia. Kichwa kile kimetengenezwa kipasuke kikigusa nyama. Wenzetu wa nje wanakitumia kuulia panya wa mashambani ambao hawawali. Piga kanga kifuani kwa .17, unachookota ni manyoya, mifupa iliyosagika na damu. Sisi tunawinda tule. Ukiwa na uhakika wa kupiga kichwa kila mara, sawa, lakini mwenye uhakika huo anaweza kupiga kichwa hicho hicho kwa .22 mita 40. Upepo nao unakibeba kwa sababu ni chepesi. Risasi zake ni bei juu na huwezi kuzitegemea dukani.

.22 magnamu, ile WMR ya Winchester ya 1959, nayo naiheshimu. Kichwa cha greni 40 kwa mita 570 hivi kwa sekunde. Inakuongezea mpaka mita 100 au kidogo zaidi, na kwa sungura mkubwa wa porini ni nzuri ukitumia kichwa kizima badala ya kile chenye tundu kwenye ncha, kinachopanuka kikigonga. Ila kelele imeongezeka, bei ya risasi imeongezeka, na kanga aliyepigwa karibu anaharibika. Kama shamba lako lina mahali pa wazi na udongo nyuma, fikiria. Kama ni vichaka, sioni unachokilipia.

Na tafadhali sana: ganda la .22 LR ni fupi na jembamba kuliko la magnamu. LR itaingia kwenye chemba ya magnamu na inaweza kulipuka, lakini ganda litapasuka na gesi ya moto itarudi usoni kwako. Jina kufanana ".22" kusikudanganye. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu, soma boksi, yalingane herufi kwa herufi.

#4 Mdau, Pangani

Mimi natumia BRNO ya .22, zile za Chekoslovakia ya zamani. Ilikuwa ya marehemu baba. Mbao imechakaa ila inapiga pale pale unapoangalia. Adui yangu ni kutu. Nyumba yetu iko karibu na bahari, ukiisahau wiki moja mtutu unaanza kuota rangi ya chungwa. Wakuu mnafanyaje?

#5 Mwanzisha uzi

Kaka wa Pangani, hiyo bunduki usiiuze. BRNO za .22, na CZ zilizozifuata, yaani 452, baadaye 455, na sasa 457, ni za ukoo mmoja na ndizo ninazomshauri mtu azitafute kwanza. Chuma kizito, mtutu mzuri, magazini ya risasi 5 au 10, na vilengeo vya chuma unavyoweza kuvitegemea bila darubini. Ukikosa hizo, Savage Mark II au Ruger American za .22 zinafanya kazi ile ile. Anschütz ni nzuri mno, ila ni za pesa nyingi, na mtu wa kuchapa nayo miguu kwenye miiba ya Handeni atalia kila ikikwaruzwa.

Nashauri ya kukoki kwa mkono, nikijua kwamba Ruger 10/22, inayojipakia yenyewe, ni maarufu dunia nzima tangu 1964. Kwanza, silaha za kujipakia zinabanwa zaidi kisheria, na kwenye uwindaji hasa, muulize ofisa kabla hujaitamani. Pili, anayejua kwamba lazima akoki tena hupiga risasi ya kwanza kwa umakini. Tatu, ya kukoki unaifungua, unauona mtutu mweupe tangu nyuma mpaka mbele, unaifuta, unafunga. Kwa mtu wa pwani hilo lina thamani yake.

Kutu: hewa yetu ina chumvi, hilo halina mjadala. Usiihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa kitambaa au ngozi, maana inanyonya unyevu na kuung'ang'aniza kwenye chuma. Kila ukirudi porini, na kila baada ya siku chache hata kama hujaigusa, pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki juu ya chuma chote, hasa pale mikono yako inaposhika, jasho nalo lina chumvi. Ndani ya mtutu pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, na siku ya kwenda kuwinda pitisha kikavu kwanza. Safishia upande wa chemba kwenda mbele, usiingize fimbo ya chuma kutokea mdomoni, utaukwangua mdomo wa mtutu na shabaha itakukimbia. Usiisugue kila siku kwa brashi ya shaba. Risasi za .22 zina nta inayolainisha mtutu, na bunduki nyingi zinapiga vizuri zaidi zikishachafuka kidogo. Kabati liwe la chuma, lenye kufuli, risasi mahali pengine na kufuli lake.

Na hili la "ilikuwa ya marehemu baba" nalisema kwa wote wanaosoma: bunduki hairithiwi kama shamba. Mwenye leseni akifariki, familia inatoa taarifa polisi, silaha inakabidhiwa, na anayetaka kuimiliki anaomba leseni kwa jina lake. Naamini wewe umeshafanya hivyo. Wako wengi ambao bunduki ya babu iko darini na hawajui kwamba ni kesi inayosubiri siku.

#6 Kijana, Mkinga

Shikamoo mzee. Mimi uwezo wa .22 sina. Naona bunduki za upepo mtandaoni, .177 na .22, wanasema zinaua kwale na njiwa. Nikichukua hiyo si inatosha? Halafu haihitaji leseni.

#7 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Hilo la mwisho aliyekwambia amekuingiza kwenye shimo. Usiagize chochote kabla hujakwenda kituo cha polisi kuuliza. Ikifika bandarini au uwanja wa ndege wakaifungua, maelezo ya "niliambiwa haihitaji" hayakusaidii. Na leseni ya kuwinda bado inahitajika, hata ungetumia manati.

Kuhusu uwezo wake: .177 ni milimita 4.5, ile ya .22 ya upepo ni milimita 5.5. Nzuri zake zinaweza kuangusha kwale au njiwa mita 20 hadi 30 ukimpiga kichwani au shingoni. Kanga ni mgumu, manyoya yake ni mazito, mimi simpigi kwa upepo. Ila kwa kujifunza kulenga hakuna mwalimu bora. Pumzi, kidole, kutulia, vyote unavijenga kwa gharama ndogo. Ukiipata kihalali, tumia mwaka mzima kupiga karatasi. Ukija kushika .22 utawashinda wenye darubini za mamilioni.

#8 Ustadhi, Tanga mjini

Asalaam alaykum. Naomba kuchangia kidogo, kwa sababu wengi wetu huku pwani tunakula nyama hiyo na familia zetu.

Aya ya tatu ya Suratul Maida imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na aya ya nne imeruhusu windo na kuamrisha kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim (r.a.), Mtume (s.a.w.) alitofautisha windo lililotobolewa kwa ncha na lile lililogongwa kwa ubapa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona risasi ya moto inayotoboa mwili iko kwenye hukumu ya mshale, ukisema Bismillahi wakati wa kupiga. Wapo wasiokubali mpaka umkute hai na umchinje. Khitilafu ipo, kila mtu amuulize sheikh wake. Ila wote wamekubaliana kwenye hili: ukimkuta bado ana uhai, lazima umchinje, huwezi kumwacha afe huku unamtazama.

Kwa hiyo mnapochagua silaha na mahali pa kupiga, hilo lizingatiwe. Kisu kiwe kiunoni na kiwe kikali.

#9 Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam ustadhi, Allah akulipe. Umegusa kitu kinachobadilisha hata hesabu ya bunduki. Ukimpiga kanga kwa .22 yenye kichwa kizima, kwenye maungio ya bawa na mwili, mita 30 au 40, anaanguka, mbavu zimetobolewa lakini mara nyingi unamkuta bado anapumua ukikimbia. Unamchinja, damu inatoka vizuri, nyama inabaki safi. Ukimpiga mita 90, mpaka ufike, uvuke miiba, umtafute, ameshakufa au hujui yuko wapi. Ukimpiga kichwani anakufa papo hapo, na hapo ndipo khitilafu uliyoitaja inapoanza. Mimi kwa sababu hiyo hulenga maungio ya bawa, simlengi kichwa, na natumia kichwa kizima cha mwendo wa kawaida, si kile chenye tundu.

Wale wa kichwa chenye tundu wana hoja yao kwa sungura: nishati inabaki ndani ya mnyama na anaanguka haraka. Kwa sungura nakubali, ukimpiga mbele, nyuma ya bega. Ila nyama yote iliyozunguka tundu la risasi ikatwe kwa ukarimu na itupwe. Kichwa cha .22 ni madini ya risasi, yanaacha vipande vidogo usivyoviona, na watoto ndio wanaodhurika zaidi na madini hayo. Msitupie paka wa jirani pia.

#10 Mdau, Korogwe

Nasoma tangu juu, naona mnaionea shotigani. Mimi kanga nawapiga wakiwa wameruka, marisawa (zile chembe za shotigani) namba 5, wanashuka. Hiyo .22 yenu mpaka ndege atulie, upepo utulie, udongo uwe nyuma! Mtakula lini?

#11 Mwanzisha uzi

Kaka wa Korogwe, kwa ndege anayeruka na kwa ndege aliye juu ya mti, wewe ndiye uko sahihi na mimi sina la kubishana. Marisawa madogo yanaishiwa nguvu ndani ya mita mia mbili tatu, yanashuka kama mvua. Mwenye shotigani tayari, kama mkuu wa Kiwangwa hapo juu, kwa kanga peke yake hana haja ya kuongeza bunduki ya pili.

.22 ni ya mtu anayetaka ndege mmoja, aliyemchagua, bila kujeruhi kundi zima. Ukipiga marisawa kwenye kundi lililo chini, unaokota watatu, na wengine wanne wanaondoka na chembe mwilini. Hao huwaoni, lakini wapo. Halafu utafuna marisawa kwenye mchuzi mpaka jino liumie. Kila silaha na kazi yake, na msimu mmoja hauhitaji vyote viwili.

Paa na digidigi, kwa kuwa najua swali linakuja: .22 LR haifai, na msiniulize tena. Wapo waliozoea kuwapiga kichwani usiku kwa tochi. Tochi ni haramu kisheria, na yule paa anayeondoka na taya lililovunjika hufa kwa njaa siku nyingi baadaye. Kwa wanyama wa aina hiyo kuna kiwango cha silaha kinachoruhusiwa, ofisa wanyamapori atakwambia. Kuna .22 Hornet ya mwaka 1930, hiyo ina fataki ya katikati na inatoka kwa mita 800 hivi kwa sekunde, mzee wa zamani akikwambia aliwinda digidigi kwa "pointi ishirini na mbili" huenda ndiyo anayoisema. Ni bunduki nyingine kabisa.

#12 Mdau, Muheza

Mkuu nimepata mtu anauza CZ 452 kihalali, tumeshazungumza na polisi kuhusu utaratibu wa kuhamisha. Ina darubini juu. Niangalie nini kabla sijalipa? Na darubini niiache?

#13 Mwanzisha uzi

Kwanza namba. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye leseni ya muuzaji, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa imekwanguliwa au imepigiwa juu, ondoka, usimsikilize.

Hakikisha ni tupu, toa boliti (lile komeo unalokokia), elekeza mtutu kwenye mwanga, angalia ndani. Mistari ya mzunguko iwe na kingo kali tangu nyuma mpaka mbele. Ukiona madoa meusi kama ndui, kutu imeshakula. Madoa machache katikati unaweza kuishi nayo, lakini karibu na mdomo wa mtutu shabaha imeharibika. Angalia mdomo wenyewe kwa kidole na kwa jicho, usiwe na kibonyeo. Angalia mdomo wa chemba pale pini inapogonga, ile alama niliyoisema juu. Koki mara kadhaa, boliti iteleze bila kukwaruza. Kaza usalama, jaribu triga, isiachie. Halafu, bado ikiwa tupu, imekokiwa na usalama umefunguliwa, gonga kitako polepole chini kwenye zulia: ikijifyatua yenyewe, usinunue hata kwa bei ya bure. Angalia mbao pale inaposhikana na chuma, mbao zetu za pwani huvimba na kupasuka hapo.

Darubini: soma maandishi yake. Nyingi zimetengenezwa kwa bunduki kubwa, zimesetiwa kwa yadi 100 au zaidi. Ukiiweka kwenye .22 na kulenga mita 25, jicho likisogea kidogo tu, msalaba nao unasogea juu ya ndege, unapiga pembeni na hujui kwa nini. Zile za .22 husetiwa yadi 50. Mara nne zinatosha sana. Kama hiyo iliyopo ni kubwa ya mara 12 na imefungwa kwa skrubu zilizolika, itoe, tumia vilengeo vya chuma kwanza.

Mwisho, mwombe muuzaji mwende wote kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, ukiwa na risasi za aina mbili au tatu tofauti, maana kila mtutu wa .22 una risasi unayoipenda na hakuna anayeweza kukwambia ni ipi mpaka upige. Laza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mita 50, risasi tano kwa kila aina, bila haraka. Aina moja ikikupa tundu tano zinazofunikwa na sarafu ya shilingi 200, lipa pesa yake na ununue boksi nyingi za aina hiyo hiyo kadiri leseni yako inavyoruhusu. Zote zikitawanyika kama sahani, mshukuru muuzaji kwa muda wake, rudi Muheza.